Mfungwa Mwandamizi wa Mizabibu

Mambo haya yalitokea katika nchi ya mbali sana, ambayo sijawahi kuiona vizuri ingawa nilizaliwa humo. Nayasimulia kama nilivyoyasikia, bila kumlaumu mtu, kwa sababu katika nchi hiyo hakuna kiongozi aliyewahi kukosea tangu uhuru.

Katikati ya nchi kulikuwa na mkoa mkavu. Mvua ilinyesha wiki chache, kisha jua likatawala mpaka mbavu za ng'ombe zikahesabika. Wenyeji waliuita Ukavuni. Waziri wa Kilimo, Mvua na Vinywaji, Mheshimiwa Dakta Pantaleo Kirumbuyo, aliona jina hilo linavunja moyo, akaubatiza Mkoa wa Neema. Siku ya sherehe alisimama chini ya mwavuli wa serikali, akawaambia watu waliosimama juani:

"Ndugu wananchi, wapo wapotoshaji wanaosema ardhi hii ina ukame. Ardhi hii haina ukame! Ardhi hii imefunga, kama mcha Mungu anavyofunga, na siku yake ya kufuturu yaja!"

Watu walipiga makofi, vumbi likawaingia midomoni. Kipimo cha mvua cha mkoa kikafungiwa kabatini siku hiyo hiyo, kwa kuwa kilionekana kuwa na tabia ya uchochezi.

Mkoani humo aliishi mtu mpole aliyeitwa Hosea Chilongola, pamoja na mkewe Foibe na binti yao Yunisi. Hosea alikuwa mtunza bustani wa misheni. Padri mmoja mzee, mgeni, aliporudi kwao kwenda kufia huko, alimwachia vijiti saba vya mzabibu ndani ya gunia bichi, na wosia mfupi: vipogoe bila huruma, wala usivileweshe maji. Hosea alivipanda nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yalipotokea. Majirani walimcheka, wakamwuliza kama kuni zimekuwa adimu kiasi cha kuzipanda.

Mwaka wa tatu vijiti vilizaa. Vichala vilining'inia vyeusi na vizito, vitamu kuliko asali ya nyuki wadogo, maana jua lile lile lililoua mahindi lilikuwa limezipikia zabibu sukari. Foibe alizikamua kwa mikono kwenye beseni. Hosea aliichachusha ile juisi mtungini, kama alivyomwona Padri akifanya. Yunisi alipoolewa, wageni wa harusi walikunywa divai kwa mara ya kwanza katika historia ya mkoa. Mwisho wa sherehe bibi harusi aliondoka na mumewe, mfanyakazi wa reli, kwenda mbali, na baba wa bibi harusi akaondoka na polisi.

Kosa lake lilikuwa chini ya Sheria ya Kuheshimu Mvinyo wa Wageni, iliyotamka kwamba mvinyo wowote unaonywewa nchini sharti uwe umevuka bahari.

Chupa sita zilifikishwa mahakamani kama vielelezo. Hakimu alikuwa mtu wa haki. Alisema hawezi kumhukumu mtu kwa kinywaji asichokijua, akaonja kidogo ili kujiridhisha. Hakuridhika sawasawa. Akaahirisha kesi wiki moja, akaonja chupa ya pili. Kesi iliahirishwa mara tano, na kila mara wazee wa baraza waliwahi zaidi kufika.

"Mahakama imejiridhisha," Hakimu alisema hatimaye, macho yamemlegea, "kwamba kosa hili ni zuri sana. Kwa uzuri wake mahakama ingependa kutoa mwaka mmoja, lakini kwa kuwa ni kosa, inatoa mitatu."

Chupa ya sita Hakimu, kwa kuwa alikuwa akitafuta uhamisho, alimpelekea Waziri. Waziri akamkaribishia balozi wa nchi moja ya ng'ambo. Balozi alikunywa, akanywa tena, akauliza mvinyo huo umetoka nchi gani. Bahati mbaya msaidizi wa Waziri alikuwa ametoka kidogo, na Waziri akakosa mtu wa kumpa la kusema. Akasema kweli.

"Ni wa hapa hapa."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa tasnia ya mvinyo katika nchi ile.

*

Tume iliundwa kutafuta mtaalamu wa mizabibu. Ilizunguka nchi nzima miezi minane, ikagundua kwamba anayeujua mmea huo ni mmoja tu, naye yuko Gereza la Neema akiponda kokoto. Kumtoa kungekuwa kuidharau mahakama. Ikaamuliwa, kwa kuheshimu utawala wa sheria, kwamba tasnia ndiyo imfuate huko huko. Askari walikwenda kwa Foibe, wakakata vijiti vyote vya ile mizabibu saba, kisha wakang'oa mashina ili yasije yakazaa kosa jingine. Foibe alisimama mlangoni akitazama. Alipoulizwa kama ana la kusema, aliomba wamwachie walau beseni.

Mkuu wa gereza aliitwa Afande Bwigane. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye maagizo. Alimkabidhi Hosea mkasi na ekari nne za mawe. Hosea akachimba, akapanda, akasimika nguzo na kuvuta nyaya, akawafundisha wafungwa wenzake kuacha macho mawili ya kuchipua kwenye kila tawi na kukata yanayozidi. Mfungwa hakuruhusiwa kugusa kileo, kwa hiyo miaka ya baadaye, mapipa yalipoanza kuchachuka, Hosea aliupima mvinyo kwa pua, huku askari wawili wameyashika mabega yake asije akainama kupita kiasi.

Ile miaka mitatu ilipotimia, mavuno ya kwanza yalikuwa yakikaribia. Foibe alifika gerezani asubuhi na shati la buluu alilolipiga pasi. Afande Bwigane alimwita ofisini pamoja na mumewe, akamfungulia soda.

"Karibu mama, kaa. Hongera sana."

"Asante, afande. Nimemletea shati."

"Mumeo amepandishwa cheo. Kuanzia leo ni Mfungwa Mwandamizi wa Mizabibu, Daraja la Pili. Wizara imeunda nafasi hiyo kwa ajili yake peke yake."

"Tumeshukuru. Sasa tunaweza kwenda?"

Afande alikohoa. "Mama, sifa ya kwanza ya nafasi hiyo ni kwamba mwenye nayo awe mfungwa. Akitoka ataipoteza."

"Aipoteze, afande. Mungu atatupa nyingine."

"Cheo cha serikali hakikataliwi. Ni cha miaka mitano."

Soda ilikaa mezani, haikunywewa. Hosea alikuwa akiyatazama mawe nje ya dirisha muda wote. Mwishowe aligeuka.

"Ni lile la buluu?" aliuliza.

"Ndilo."

"Lirudishe sandukuni, Mama Yunisi. Huku litachakaa bure."

Foibe alitembea kurudi nyumbani, na njiani watu waliokwishasikia redio walimpa pole na hongera kwa pamoja, wasijue ipi itangulie.

*

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi alikwenda kumwona. Walizungumza kupitia wavu wa chuma, askari amesimama katikati akisikiliza. Mambo ya moyoni hayasemeki mbele ya askari, kwa hiyo Hosea alimsimulia mizabibu. Alimweleza jinsi kijiti kinavyokatwa kwa mshazari, jinsi jani linavyokunja ncha likiwa na kiu, jinsi ya kujua kwa kidole kama zabibu imeiva au inajifanya. Foibe aliitikia "enhe", "kumbe", kama mwanamke anayeambiwa anapendwa. Na kweli ndicho alichokuwa akiambiwa.

Mwaka wa saba alimwuliza, "Baba Yunisi, shamba likifa, mkulima wake anawekwa kwa kazi gani?"

Askari hakuelewa. Hosea alielewa. Hakulala vizuri wiki nzima, maana mizabibu ile aliijua mmoja mmoja. Kisha asubuhi moja alichukua shoka badala ya mkasi, akaingia mstari wa kwanza, akaikata yote karibu na ardhi. Akakata wa pili. Wafungwa wenzake walisimama wakimtazama mtu mzima akikata miti huku machozi yanamtiririka. Alipomaliza ekari nzima alijiketisha chini akasubiri kufukuzwa.

Mizabibu ikachipua. Shina lililokuwa limechoka likatoa matawi mapya, na mavuno yaliyofuata kwenye ekari ile yakawa maradufu. Waziri alikuja mwenyewe na bendi ya polisi.

"Huu," alitangaza akiinua kichala juu, "ndio Mkato wa Kirumbuyo! Wataalamu wa ng'ambo walisema pogoa kidogo kidogo. Mimi nikasema hapana! Kateni mpaka chini! Taifa halikui bila maumivu!"

Hosea alipanda Daraja la Kwanza, miaka saba zaidi.

"Nilijitahidi," alimwambia mkewe kwenye wavu.

"Najua," Foibe alisema. "Nimesikia bendi."

*

Sasa, wale wafungwa waliofundishwa na Hosea walikuwa na vifungo vifupi. Walikwenda kwao na vijiti ndani ya soksi, wakapanda. Mizabibu ikasambaa vijijini, na watu ambao miaka yote walikula mlenda na kusubiri mahindi ya msaada wakaanza kuezeka mabati. Majirani zao walipouliza elimu hiyo inapatikana wapi, waliambiwa gerezani.

Basi wakaanza kuiba kuku. Kuku mmoja ilikuwa miezi sita, muda wa kutosha kujifunza kupanda na kupogoa. Mwenye kutaka na kuchachusha aliiba wawili. Hakimu, ambaye hakupata uhamisho, aliwauliza washtakiwa kwa upole, "Wewe unataka kozi gani?" Kuku wa kuibiwa walipoadimika, wenye kuku waliwaazima. Tetea mmoja mwekundu aliibwa mara kumi na nne, akaizoea mahakama, akawa anaruka mwenyewe juu ya meza ya vielelezo na kutaga.

Hivyo ndivyo mkoa ulivyojaa mizabibu. Wizara ilieleza mafanikio hayo kuwa matunda ya semina.

Gereza lilipopata sifa, likatangazwa kuwa eneo nyeti. Ukuta ukaongezwa, na ruhusa ya kutembelea wafungwa ikapunguzwa kutoka mara moja kwa mwezi hadi mara moja kwa mwaka, ili siri za mvinyo zisivuje. Foibe alifika Jumamosi yake na kikapu cha karanga, akaelezwa hayo getini. Alikaa chini ya ukuta mpaka jioni. Alirudi mwezi uliofuata, na mwingine, kwa kudhani labda watakuwa wamesahau agizo. Hawakusahau. Walikuwa wamelibandika ukutani.

Baada ya mwaka wa pili wa hali hiyo, alipokuwa amemwona mumewe mara mbili tu, robo saa kila mara, Foibe alikwenda kwa jirani yake, Mama Sechelela, akamkuta anapepeta uwele.

"Shoga, naomba nikuibie kuku."

Mama Sechelela aliweka ungo chini. "Wewe? Wa nini?"

"Nikakae na mume wangu. Wezi wote wa mkoa huu wanakaa naye. Mimi peke yangu mwaminifu niko nje."

"Foibe, una miaka hamsini na mbili."

"Ndiyo maana sina muda."

Mama Sechelela alilia kidogo, kisha akamkamatia kuku mwenyewe, aliyenona, ili mahakama isimdharau.

Jumatatu Hakimu alimpa miezi sita bila swali. Foibe alishukuru, akapanda gari la magereza akiwa amesuka nywele upya. Gari lilipofika njia panda ya Gereza la Neema halikukata kona. Alimgusa askari, akamwambia wamepitiliza.

"Pale ni wanaume, mama," askari alisema. "Wanawake tunawapeleka nyanda za juu. Siku mbili."

Katika miaka yote ile hakuna aliyemwambia jambo hilo, kwa sababu kila mtu alidhani analijua.

*

Wiki hiyo hiyo tasnia ilitimiza miaka kumi na mitano, na Wizara ilizindua historia rasmi ya mvinyo. Jopo la maprofesa lilikuwa limethibitisha kwamba mzabibu wa kwanza ulipandwa na Mheshimiwa Kirumbuyo akiwa mtoto wa miaka sita, kwa maono. Sura yake iliwekwa kwenye kila chupa. Hapo hapo ukatoka waraka kwamba kila gereza nchini, liwe bondeni au mlimani, lianzishe shamba la mizabibu.

Mkaguzi wa magereza, kijana makini, alisoma historia hiyo, kisha akafungua daftari la Gereza la Neema, akakuta imeandikwa: Hosea Chilongola, mwanzilishi wa mizabibu. Alishtuka. Akamwita Afande Bwigane.

"Afande, mwanzilishi ni nani?"

"Ni Mheshimiwa Waziri."

"Mheshimiwa yuko gerezani?"

"Hasha!"

"Basi mwanzilishi hayuko gerezani. Huyu mtu mnayemshikilia kama mwanzilishi hayupo. Mnamlisha mtu asiyekuwepo, tena kwa miaka kumi na mitano!"

Alhamisi Hosea alitolewa nje kupitia mlango wa kuingizia kuni, kwa kuwa getini angetakiwa kusaini, na mtu asiyekuwepo hasaini. Afande Bwigane, aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu, alimsindikiza hatua chache.

"Nenda, mzee," alisema bila kumtazama. "Nenda upesi, kabla hawajaandika toleo la pili."

Hosea alitembea kati ya mashamba ya watu. Vichala vilikuwa vimeiva pande zote mbili za barabara, na wenye mashamba, wengi wao wanafunzi wake, waliacha kazi wakaja kumshika mikono. Alikuwa na haraka. Alipofika kwake alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Mama Sechelela alitoka kwake, akamwona, akashika kichwa.

"Yuko wapi?" Hosea aliuliza. "Amekufa?"

"Hajafa, shemeji. Amefungwa."

"Amefungwa? Foibe? Kwa kosa gani?"

"Kwa kukufuata wewe."

*

Nyanda za juu kuna ukungu na baridi ya kuuma mifupa. Viazi vinastawi, mizabibu haijawahi. Hosea alifika juu ya lori la mkaa. Alisubiri siku nne hadi siku ya wageni, akajipanga mwisho wa foleni ya kina mama wenye vikapu.

Foibe aliletwa amevaa sweta la kijivu linalomfika magotini. Alipomwona mumewe upande ule mwingine wa wavu, hana nguo za gereza, alisimama kwanza. Kisha alikuja taratibu.

"Baba Yunisi. Wamekuruhusu uje kuniona?"

"Wameniachia."

"Lini?"

"Alhamisi."

Foibe alihesabu kimoyomoyo siku kutoka Jumatatu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mlinzi akageuka kutazama, kisha akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Umekonda," alisema. "Unakula wapi?"

"Nakula. Sikiliza, miezi sita itakwisha. Nitapanga chumba hapa hapa, nikusubiri." Hosea alisogea, akashusha sauti. "Ila kuna jambo. Umetoka waraka, kila gereza lipande mizabibu. Watakuja kuuliza nani anajua. Wewe hujui kitu. Hujawahi kuona zabibu tangu uzaliwe. Umenisikia?"

Foibe alishika wavu.

"Mama Yunisi?"

"Waliuliza juzi," alisema. "Tulikuwa kwenye foleni ya uji. Mkuu alitusomea karatasi, ikasema mizabibu ilianzishwa na Waziri akiwa mtoto. Nikainua mkono."

"Ukasema nini?"

"Nikasema si kweli. Nikasema aliyeanzisha ni Hosea Chilongola, nyuma ya nyumba yangu, kwa maji ya kuogea, na mimi ni mke wake. Wakacheka. Basi nikawaeleza yote uliyoniambia, kijiti kinavyokatwa, macho yanayoachwa, yote, mpaka wakaacha kucheka." Alipitisha vidole viwili kwenye tundu la wavu, Hosea akavishika. "Nilijua, Baba Yunisi. Wakati nainua mkono nilijua. Lakini nilidhani uko ndani bado, na hutatoka. Nikasema walau mahali pamoja katika nchi hii jina lako litajwe na mtu mwenye haki ya kulitaja."

"Wakasema nini?"

"Walinipigia makofi. Mkuu alinipa mkono. Amesema wameshaandika Wizarani, wananitafutia cheo."

Mlinzi aligonga chuma kwa kirungu, muda umekwisha. Wanawake wengine walianza kuondoka. Hosea alibaki ameshika vile vidole viwili, na mlinzi, ambaye naye alizaliwa na mama, aligonga mara ya pili polepole zaidi.

Jibu la Wizara lilikuja mwezi uliofuata, na lilikuwa la pongezi na cheo. Vijiti vilivyopandwa kule vilioza vyote msimu wa kwanza, na wa pili pia, lakini serikali haikumlaumu mtaalamu wake. Ilimwongezea muda ili afanikiwe.

Siku ile ya kwanza, alipotoka kwenye wavu, Hosea aliulizia chumba kwenye nyumba ya udongo mkabala na gereza. Mwenye nyumba alimwuliza atakaa muda gani. Hosea alisema hajui, akaomba apewe kile chenye dirisha upande wa geti.